Eti yule daktari si wao

Anti shikamoo,

Naandika saa 10 usiku. Sijalala, na mdogo wangu chumba cha pili namsikia anavyojigeuza kitandani, kwa hiyo na yeye hajalala. Utanisamehe nikiandika ovyo.

Wewe hizi hospitali zetu za binafsi unazijua. Ukutani pana karatasi: bingwa wa wanawake Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 11 jioni, bingwa wa mifupa Jumamosi. Mchana hao wote wako serikalini, jioni ndiyo wanakuja huku. Lakini ukishakaa kwenye benchi la pale, ukaitwa na nesi wa pale, ukalipa dirisha la pale, utajuaje kwamba unayeingia kumwona ni mgeni kama wewe? Koti alilovaa yule daktari aliyempasua mdogo wangu lilikuwa na nembo yao mfukoni. Mikono ilikuwa mifupi, imemwishia juu ya saa. Siku ile nililiona nikacheka moyoni. Sasa ndiyo najua lilikuwa la kuazima.

"Yule si mwajiriwa wetu." Ndivyo alivyoniambia yule mama wa utawala huku anafunga faili. Akaongeza, "Dada, yule anakuja tu kufanyia kazi hapa, sisi tunampa chumba." Chumba, Anti! Kama vile gesti.

Mdogo wangu alikwenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi, mwaka juzi mwezi wa 8. Tukarudi na homa, tukapewa dawa za mkojo. Tukarudi tena, dawa zilezile. Tulipompeleka rufaa wakamfungua, ndani wakakuta gozi, kile kitambaa cha kufyonzea damu, imeachwa. Kizazi kilikuwa kimeshaharibika, wakakitoa. Ana miaka 31. Upande wa mchumba walikuja mara moja na matunda, hawajarudi.

Wifi yangu anapita anasema nilitafuta rahisi. Nililipa milioni 3 na laki 8, hiyo ndiyo rahisi? Risiti ya EFD ninayo, ina jina la hospitali, la daktari halimo. Maandishi yameanza kufifia, nimeshaitoa kopi. Kama si wao, mbona hela walipokea wao?

Nilikwenda kwa wakili wa msaada wa kisheria, kijana mpole. Akasema hospitali inajificha kwenye neno mwajiriwa, kwa sababu kosa la mwajiriwa hubebwa na mwajiri wake. Ila mahakama haiangalii barua ya ajira peke yake. Akanisimulia kesi ya Uingereza ya mwaka 1951, wanasheria wetu bado wanaitumia, ya mtu aliyeingia hospitali na vidole viwili vilivyokakamaa, akatoka na vinne. Jaji mmoja, Denning, akasema hospitali ikikupokea ikakupa daktari wake, kosa lake ni lao, hata kama mkataba wake na wao si wa ajira. Halafu na manesi: gozi huhesabiwa kabla tumbo halijafungwa, na wanaohesabu ni manesi wa hospitali, wanaolipwa mshahara na hospitali. Wenyewe wanasema karatasi yao ya hesabu ilitimia. Imetimiaje?

Kuna Baraza la Madaktari pia, lakini pale atakayeitwa ni daktari, na fidia hawatoi. Mahakamani nina miaka 3 tangu siku ile, yaani mpaka mwakani. Na wakili anataka tuwashtaki wote wawili, hospitali na daktari.

Hapo ndipo mdogo wangu anapolia. Hataki daktari aguswe. Yule baba alimtibu mama yetu mpaka mama anafariki, siku nyingine hapokei hela. Na kule rufaa alikuja, akasimama miguuni mwa kitanda, akasema pole, machozi yanamlenga. Hospitali haikumtuma hata mfagizi. Mimi sitaki hela, Anti, nataka yule mama anitazame aseme alikuwa wetu. Ingawa na zile milioni 3 na laki 8 wangerudisha tu, nilikopa kikundi na bado nakatwa.

Fomu nilisaini na mimi, kama ndugu. Ya Kiingereza, kurasa tatu, pale kaunta, kalamu imefungwa uzi, nyuma yangu watu wamepanga foleni. Juzi ndiyo wakili akanisomea ule mstari wa chini, kwamba mabingwa wageni wanafanya kazi kwa dhamana yao wenyewe. Nani anasoma vile mgonjwa akiwa ameshavuliwa hereni?

Lakini sicho kinachoninyima usingizi. Wakili aliuliza kitu kidogo tu, kama anauliza saa. "Mlikwenda hospitali mkapewa daktari, au mlimfuata daktari mkamkuta hospitali?" Alisema yule jaji mwenyewe alitenganisha: mgonjwa akijichagulia daktari wake na kumwajiri yeye, hospitali haibebi. Nikajibu haraka, tulikwenda hospitali.

Na ni kweli tulikwenda. Karatasi ukutani iliandikwa na wao, bei walipanga wao, chumba chao, nesi wao. Ila siku tatu kabla nilimwandikia daktari mwenyewe, namba yake ninayo tangu enzi za mama, akanijibu, "Huku foleni ndefu, mlete Alhamisi jioni kule, nitamfanyia mwenyewe." Hata jina la hospitali nililijulia kwake. Hapo ndiyo nimemchagua? Au nilimwomba msaada mtu ninayemfahamu, yeye akanipeleka kwao? Mdogo wangu hajui kama nilimwandikia, anadhani tulimkuta tu pale. Wakili anataka maelezo yangu kwa maandishi Ijumaa.

Meseji ile ninayo. Sijaifuta, na sijamwonyesha mtu.

Naomba mji wangu usiutaje.