Kaka, usianze na papa

Kihesa, Iringa
14 Juni

Kaka Ambakisye,

Kamwene! Najua utanijibu "ugonile" kwa ubishi tu. Huku wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu.

Gwamaka kanieleza: umepata vitabu viwili, kile cha Don Thompson cha papa wa dola milioni 12 na kile cha Sarah Thornton cha siku saba, na Jumamosi unataka kuwasomea wachoraji wako wa Mwanjelwa wajue bei zinavyopangwa duniani. Wasomee. Lakini bei, kaka, ndiyo kitu cha mwisho cha kuokota humo.

Mtazame huyo papa, samaki halisi aliyetumbukizwa kwenye tangi la formalini, dawa ya kuzuia kuoza, akaitwa sanaa. 1991 Charles Saatchi, tajiri mkusanyaji sanaa wa London, alimlipa msanii Mwingereza Damien Hirst pauni 50,000 kwa kazi ile. 2004 ikaenda kwa Steven Cohen, tajiri wa Marekani. Jalada linasema dola milioni 12, ripoti nyingine zikataja 8. Hata namba ya jalada ina mzozo! Iwe 12 au 8, aliyeuza safari hiyo ni Saatchi. Mnada nao kwa kawaida uko hivyo hivyo: picha inatoka kwa tajiri kwenda kwa tajiri, na mchoraji anasoma habari gazetini kama wewe na mimi. Uingereza tangu 2006 kuna kijiasilimia cha msanii kazi ikiuzwa tena, asilimia 4 kwenye pauni 50,000 za kwanza, kisha kinazidi kupungua, na haidhuru bei ifike wapi hapati zaidi ya pauni 12,500. Marekani sheria ya nchi nzima haimpi hata hicho.

Utaniambia Hirst mwenyewe alipeleka kazi mpya kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's, 15 na 16 Septemba 2008, akakusanya pauni milioni 111. Kweli. Ila huyo alikuwa na jina tayari, na siku ile ya kwanza ndiyo Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, iliomba kufilisika. Vitabu vyote viwili ni vya 2008, vimeandikwa soko likiwa limelewa.

Tena bei za mnada zina lumbesa. Nyundo ikigonga kwenye 100,000, juu yake inapandishwa ada ya mnunuzi, inayoweza kupita asilimia 20, na gazeti linatangaza jumla.

Kitakachowachekesha vijana ni jinsi papa alivyooza. Formalini haikupenya nyama nene, maji yakachafuka, galari ikatia dawa ya kung'arishia, hizi tunazoita jiki, ndiyo ikamharibu zaidi. 1993 wakamchuna, ngozi wakaivalisha umbo la faibaglasi. 2006 akawekwa papa mwingine kabisa. Waulize: Cohen alinunua nini? Hapo mtabishana hadi giza.

Turudi kwenye bei. Chukua hadibodi ya sentimita 60 kwa 60, kipimo alichokizoea Tingatinga. Jumlisha pande mbili: 120. Zidisha kwa kiwango, tuseme shilingi 500 kwa kila sentimita: 60,000. Galari kwa kawaida inabeba nusu. Kwenye 30,000 inayobaki toa ubao, rangi ya mafuta, brashi na nauli, tuseme 18,000. Kijana kabaki na 12,000 kwa siku tatu! Basi apandishe kiwango kwa picha zote, asipandishe ile moja anayoipenda, maana mteja atauliza kwa nini mbili za ukubwa mmoja zinapishana bei. Na asiuze nyumbani kwa 30,000 kilichoandikwa 60,000 ukutani kwa watu. Mwenye galari akijua, picha zinarudi na boda jioni hiyo hiyo.

(Mwezi huu wa baridi msirundike picha uso kwa uso. Juu inakuwa kavu, chini bado mbichi, mkizitenganisha zinabanduana rangi.)

Cha Thornton ndicho ningeanza nacho, hasa sura ya darasa la mwalimu Michael Asher kule CalArts, chuo cha sanaa cha California: wanakaa mbele ya kazi ya mwenzao kuanzia saa nne asubuhi mpaka usiku mzito. Hilo halihitaji dola. Kasoro yake ni kwamba sura saba zinazunguka New York, Los Angeles, Basel, London, Japani na Venice, Afrika hakanyagi. Na mwenyewe 2012 alitangaza anaacha kuandika juu ya soko la sanaa. Moja ya sababu zake ni kwamba kuandika hivyo kunawakuza mno wasanii wa bei kubwa. Waambie na hilo, wasidhani ni wivu wangu.

Sasa nijibu wewe. Mama Tupo bado anawapa ukumbi? Ile hoteli mmeandikishana asilimia na siku za kulipa, au ni yale yale ya mdomo? Picha ikipasuka ikiwa kwao analipa nani? Kila picha ina rekodi ya jina, kipimo, tarehe na aliyeinunua? Na kitabu cha Thornton unaweza kumpa Gwamaka aniletee Ijumaa, au nawe bado hujakimaliza?

Dada yako,
Vumilia