Daftari Ulilolifungia Sandukuni

Mwanangu mpenzi,

Juzi uliponipigia simu ukitoka zamu ya wodi ya watoto, ulisema neno lililoninyima usingizi: kwamba daftari lako la hadithi umelifungia sandukuni, maana udaktari hauna mwenza. Sikukujibu. Nilikusikia umechoka, nikakuacha ulale.

Leo nataka nikukumbushe Margaret Ogola. Alizaliwa mwaka 1958, mtoto wa Asembo, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akabobea katika maradhi ya watoto, njia ile ile unayoitamani wewe. Alikuwa daktari wa kituo cha Cottolengo, pale walipolelewa mayatima wenye virusi vya Ukimwi, enzi ambazo dawa zilikuwa adimu. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema hana nafasi ya kushika kalamu, ni yeye. Lakini mwaka 1994 kikatoka kitabu chake cha kwanza, The River and the Source, na mwaka uliofuata kikamletea tuzo ya Jomo Kenyatta na ile ya Jumuiya ya Madola kwa waandishi wapya wa Afrika.

Nilikifundisha kilipokuwa kitabu teule. Nakala yangu unaijua, ile yenye jalada lililoshikwa kwa selotepu. Tukifika pale Akoko, mjane, anapofunga safari hadi Kisumu kumshtaki shemeji yake aliyenyakua kiti cha uchifu, hata wavulana wa nyuma waliozoea kusinzia walikaa wima. Siku moja msichana mmoja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, huyu ni nyanya yangu kabisa." Hakukosea sana, mwanangu. Ogola mwenyewe mbegu ya hadithi ile aliipata kwa mama yake.

Mwaka 2005 alitoa riwaya ya mwanamke anayeambiwa ana saratani na siku zake zinahesabika. Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki, lakini kitabu hicho nilikisoma kando ya kitanda cha nyanya yako, saratani ya titi ilipokuwa imemla mpaka mbavu zinahesabika. Nilisoma kwa Kiingereza, nikimfasiria kwa Dholuo sentensi moja moja. Kuna mahali aliinua kidole akasema nirudie. Nikarudia. Akasema tena, rudia. Sikuwahi kumsikia akizungumzia kifo kabla ya jioni ile. Baada yake tulizungumza hadi taa ikaisha mafuta.

Nyanya yako alikuwa ameshatutoka ilipofika Septemba 2011, redio ikatangaza kwamba Ogola naye amefariki. Saratani. Miaka 53 tu. Nilikuwa nasahihisha mitihani, na kesho yake niligundua karatasi ya mwanafunzi mmoja nimeisahihisha mara mbili na kumpa alama tofauti. Nilimlilia kama mtu wa nyumbani. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake kingine. Yeye hakukiona.

Nimemkabidhi kondakta wa basi la usiku kifurushi chako: omena wakavu, unga wa wimbi, na riwaya hiyo ya 2005. Ndani utakuta kipande cha leso ya nyanya yako. Kiko pale aliponiambia nirudie. Usikitoe.

Mama yako