Miko na vinu kabla ya mabibo kuiva

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Jumamosi saa 3 asubuhi tunasafisha na kuchonga miko na vinu, palepale chini ya mwembe hapa Newala. Kila mtu aje na mwiko wake wa togwa au pombe, hata uliopasuka. Wenye kinu waje na mchi wake.

Niseme mapema: sabuni hapana! Mti unainywa, kisha inakurudia kwenye kinywaji. Mwagia maji yanayochemka, sugua kwa brashi ngumu, simamisha kivulini ukauke. Mwiko wangu wa mninga niliusahau juani siku moja tu, ukapasuka toka kichwani. Nikajifanya sijaona. Uchafu ukajificha kwenye ule ufa, na togwa ya ndoo nzima nikaimwaga. Sasa mwiko huo unakoroga chokaa.

Wanaochonga upya, mti mbichi unachongeka kirahisi, ila paka nta kwenye ncha zote mbili, maana hapo ndipo maji hutoka haraka na nyufa huanzia. Mwarobaini msilete, mchungu. Mpingo mzuri kwa macho, lakini jaribu kukorogea ndoo ya pili uone bega.

Mafuta ya nazi ya kupaka ninayo. Na wale wa gongo, msinifuate pembeni.