Kabla ya kununua seva, kagueni waya na swichi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tutoe dukuduku letu kwa wenye ofisi hapa Arusha, hasa kampuni za utalii, shule na saccos zenye kompyuta kumi na kuendelea.

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kazi ya kupiga Windows upya imejaa mjini. Bado inafanywa kwa mtindo ule ule: fundi na flashi yake, meza hadi meza. Mwisho wa kazi hakuna kompyuta mbili zinazofanana. Hii ina Office ya 2016, ile ya 2021, na ya mhasibu haioni printa.

Njia ya kuwasha kompyuta kupitia mtandao, yaani PXE, kisha kuishushia imeji iliyokwisha kuandaliwa, yaani nakala nzima ya diski yenye Windows na programu zake, ipo tangu miaka ya 1990. Karibu kila kompyuta ya ofisini yenye tundu la waya wa mtandao inaiweza, na programu za kushusha imeji kama FOG na Clonezilla ni za bure. Ofisi zinazoijaribu zikashindwa huilaumu seva, nazo zikanunua nyingine. Kwa kawaida seva haina kosa. Desktop ya zamani yenye RAM ya GB 8, SSD ya GB 500 na Debian (aina ya Linux, mfumo wa bure) ndani yake inahudumia kompyuta ishirini bila taabu. Anayekushauri ununue seva ya mamilioni kwa kazi hii, mwombe akuchambulie itafanya nini cha ziada.

Shida iko ukutani. Mtandao wa gigabiti unahitaji nyaya zote nane ndani ya kebo, wakati ule wa megabiti 100 unatosheka na nne. Katika majengo mengi ya zamani kebo moja imegawanywa ihudumie meza mbili, nne huku na nne kule, au uzi mmoja haukubanwa vizuri kwenye kichwa cha RJ45. Kompyuta hailalamiki, inashuka tu hadi megabiti 100 na mwenye ofisi anaendelea kusoma barua pepe. Siku ya imeji ndipo anaumbuka. Imeji ya GB 15 kwa mwendo huo, takriban MB 11 kwa sekunde, huchukua dakika 23 kwa kompyuta moja. Kama waya mbovu ni wa seva yenyewe na kompyuta kumi zinavuta kwa pamoja, kila moja ikipewa nakala yake, hesabu inakaribia saa nne. Kwenye gigabiti kompyuta moja humaliza kwa dakika chache, na kinachoichelewesha ni diski. Kwenye seva andika amri ya ethtool ikifuatiwa na jina la kadi ya mtandao. Ukiona 100Mb/s badala ya 1000Mb/s, bana vichwa upya kabla ya kugusa kitu kingine.

Malitikasti, yaani kurusha nakala moja ipokewe na kompyuta zote kwa mpigo, inavutia lakini ina masharti. Zote huenda kwa mwendo wa ile iliyo taratibu kuliko wenzake, kwa hiyo waya mmoja mbovu unazichelewesha zote. Na swichi (kisanduku cha matundu kinachounganisha kompyuta za ofisi) ya bei rahisi isiyo na IGMP snooping, yaani uwezo wa kujua nani anahitaji mzigo huo, humwaga mzigo huo kwenye kila tundu, pamoja na kamera na Wi-Fi ya wageni. Tumia swichi ya pembeni, au subiri ofisi ifungwe.

Jambo la pili ni anayegawa anwani za IP. Rauta nyingi zinazoletwa na kampuni za intaneti hazina mahali pa kujaza chaguo namba 66 na 67, yaani anwani ya seva na jina la faili la kuwashia. Usiweke mgawaji wa pili wa DHCP, yaani huduma hiyo ya kugawa anwani. Watagombana na ofisi nzima inaweza kukosa mtandao. Weka dnsmasq, programu ndogo ya bure, kwenye seva kwa mtindo wa proxy: rauta inaendelea kugawa anwani, dnsmasq inataja faili tu. Kompyuta za BIOS (mfumo wa zamani wa kuwashia) zipewe undionly.kpxe na za UEFI (mfumo mpya) zipewe ipxe.efi, yote mawili ya programu ya iPXE, maana faili la upande mmoja haliwaki upande wa pili. Secure Boot, kinga ya UEFI dhidi ya faili zisizotambuliwa, hukataa faili la iPXE lisilosainiwa, hivyo izime wakati wa kazi na uiwashe tena ukimaliza.

Kompyuta yenyewe husema inapoumwa, kwa namba ya kosa kwenye skrini. PXE-E51 maana yake hakuna aliyeipa anwani. Angalia waya, kisha swichi, kwa sababu spanning tree, kinga ya swichi dhidi ya waya zinazozunguka, hufunga tundu kwa sekunde 30 hivi na PXE ikachoka kusubiri. PXE-E53: anwani imepatikana, jina la faili hakuna. PXE-E32: seva ya TFTP, inayotoa faili la kuwashia, haijibu, na mara nyingi ni faiwali iliyofunga mlango wa UDP 69.

Kompyuta mama, yaani ile inayochukuliwa imeji, iwe ile yenye diski ndogo kuliko zote. Zima BitLocker, kinga ya Windows inayofumba data ya diski, na usubiri diski ifunguke yote, kisha andika powercfg /h off ili kuzima hibernation (kulala kwa kompyuta bila kuzimika kabisa), la sivyo diski itasomeka kama haikufungwa vizuri na FOG itagoma. Sysprep, programu ya Windows inayoandaa kompyuta mama kabla ya kuchukuliwa imeji, ikikwama, soma setupact.log ndani ya folda ya Panther. Mara nyingi utakuta programu ya Store iliyojisasisha kwa mtumiaji mmoja tu. Dawa ni kuiondoa programu hiyo kwa mtumiaji huyo, na kinga ni kuitenga kompyuta na intaneti hadi sysprep iishe. Ikijizima, usiiwashe kutoka kwenye diski yake, peleka moja kwa moja kwenye mtandao ikachukuliwe imeji. Na kama FOG haioni diski ya NVMe (SSD ya kisasa) kabisa, ingia BIOS uone kama hali ya diski imewekwa RAID badala ya AHCI.

Leseni: ile iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani haikuruhusu kusambaza imeji. Microsoft inataka uwe na walau leseni moja ya volume, yaani ya kununuliwa kwa wingi na taasisi, na kompyuta nyingine ziwe na leseni halali za toleo lile lile. Wanaotia Windows ya wizi ndani ya imeji wajue kwamba kirusi kilichokuja nayo kinafika kwenye kompyuta ishirini jioni moja.

Kwa kampuni za utalii, Aprili na Mei, masika ikiwa imefukuza wageni, ndiyo miezi ya kazi hii. Wekeni UPS kwenye seva na kwenye swichi pia; wengi husahau swichi, umeme ukikatika kidogo kompyuta zote zinaanza upya. Na fundi asilipwe malipo ya mwisho kabla hajakabidhi nywila ya FOG, nakala ya imeji kwenye diski ya nje, na orodha ya matundu yaliyobanwa upya.

Mafundi wa mitandao ya kompyuta,
Kaloleni, Arusha