Barua kwa mwanangu: uso wa Kor

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko chuoni. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Nyanya yako anakusalimia na kila siku aniuliza kama unakula. Juzi uliponipigia nilikusikia sauti imekukwama, nikadhani kuna msiba, kumbe mmekosana na mwenzako wa chumbani kwa ajili ya Waklingon, wale mashujaa wa vita wa sayari nyingine katika tamthilia ya Star Trek. Sikucheka, mama. Wewe wajua jinsi nilivyokukuza na kile kipindi, tangu ile mikanda ya video mjomba wako aliyokuja nayo alipokuwa baharia. Siku tatu hizi nimekaa na maneno yenu, nikaona simu haitoshi.

Mnabishana kwa nini Waklingon wa siku hizi wana matuta kwenye paji la uso na wale wa mwanzo hawana. Wewe umeshikilia kwamba wale wa mwanzo waliugua. Mwenzako asema hakuna ugonjwa wowote, ila pesa zilikuwa hazipo. Nianze na la mwenzako, kwa sababu ni la kazi yangu.

Nimepamba maharusi miaka 25. Uso naujua. Star Trek ilipoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, mpambaji wake alikuwa Fred Phillips, na masikio yenye ncha ya Spock, yule mtu wa sayari nyingine, peke yake yalikuwa mtihani, kwa kuwa yalibandikwa upya kila siku ya kazi. Waklingon walipotokea mara ya kwanza, Machi 1967, wakiongozwa na Kor aliyeigizwa na John Colicos, walipakwa rangi ya kahawia, wakawekewa nyusi na masharubu, basi. Tuta la mpira si wanja. Lazima ulibandike, ukingo wake uulainishe mpaka upotee ndani ya ngozi, kisha upake rangi juu yake ifanane na shingo na mashavu, na mtu akitoka jasho unaanza tena. Kwa tamthilia ya kila wiki, yenye bajeti ya kubanwa, ungefanya hivyo kwa watu wangapi? Filamu ya mwaka 1979 ilikuwa na fedha na muda, na ndiyo iliyowatoa Waklingon na matuta ya mifupa kwenye paji la uso. Mwenzako amesema kweli.

Na wewe pia umesema kweli, ila kweli yako imo ndani ya hadithi. Mwaka 1996 watu wa Deep Space Nine, tamthilia ya Star Trek iliyokuja baadaye, walirudishwa nyuma hadi zama za Kapteni Kirk, nahodha wa ile tamthilia ya kwanza, wakawaona Waklingon wenye nyuso laini, wakamgeukia Worf, Mklingon aliyekuwa mwenzao kazini. Mmoja akakisia kwamba walichezewa chembe za urithi, mwingine akakisia virusi. Worf akawajibu kwamba ni hadithi ndefu, na kwamba Waklingon hawaizungumzi mbele ya watu wa nje. Ikapita miaka tisa. Mwaka 2005, katika Enterprise, tamthilia nyingine ya Star Trek, waandishi wakachukua makisio yote mawili wakayafanya kitu kimoja: Waklingon walitaka kutengeneza askari kwa chembe za urithi za binadamu walioboreshwa, jaribio likageuka tauni, na dawa iliyowaokoa ikawaacha na sura za kibinadamu. Ni kazi nzuri ya kufuma, sikatai. Lakini mimi ningeliacha na jibu la Worf. Kila ukoo una jambo ambalo wenyewe wanalijua na hawalisemi barazani, na pale ndipo nilipomwona Worf kuwa mtu mwenye kwao.

Sasa nikukumbushe kitu ambacho sikukisikia katika ugomvi wenu. Mwaka 1994, kabla ya hayo ya Worf, Kor alirudi katika hiyo hiyo Deep Space Nine. Colicos yuleyule, sauti ileile ya kujigamba, safari hii na matuta usoni. Pamoja naye Kang na Koloth, Waklingon wenzake wa zamani, nao wakiigizwa na waigizaji walewale wa miaka ya sitini. Watu watatu waliobadilika uso kabisa, wala hakuna hata mmoja ndani ya hadithi aliyewauliza mlikuwaje. Wamekuja kutimiza kiapo cha damu, kulipiza kisasi cha wana wao vifungua mimba waliouawa. Aliyekula kiapo pamoja nao alikuwa Curzon Dax, naye amekwisha kufa. Lakini Dax ni kiumbe anayeishi ndani ya mwili wa mtu, na mtu huyo akifa huhamishiwa kwa mwingine, na kumbukumbu zake zote; sasa amo ndani ya mwili wa mwanamke kijana, Jadzia. Kang na Koloth wakasita, hawakutaka kuandamana naye. Kor akampokea kama rafiki wa zamani. Kila nikifika hapo nausimamisha mkanda kidogo.

Sijapata kukwambia kwa nini. Kabla hujazaliwa nilikwenda kuomba kitambulisho, nikapigwa msasa. Karani alinitazama pua na nywele, akaniuliza, "Kwenu hasa ni wapi?" Nikamwambia Mombasa. "Na kabla ya Mombasa?" Nikamweleza, kwa heshima, kwamba baba wa babu yangu alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut, akaoa Mbajuni wa Faza, na babu akazaliwa humu humu mjini. Akataka cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu alipokelewa na mkunga kwenye kitanda cha mamake, cheti kingetoka wapi? Nilirudi mara nne. Mara ya tatu karani mwingine alinitaka niseme Kiswahili tu, chochote, asikie lafudhi yangu. Nilisema, na machozi yakinilenga, na bado nikaambiwa nije wiki ijayo.

Usiku ule tulitazama mkanda wa kwanza kabisa, ule uliorushwa tarehe 8 Septemba 1966. Kuna kiumbe anayewanyonya watu chumvi mwilini mpaka wafe. Anasoma fikra zako, kisha anakuja na uso wa mtu unayemtamani. Kwa Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha Kirk, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru, alikuja kijana mtanashati akamsemesha Kiswahili. Basi Kiswahili kiliingia Star Trek siku ya kwanza, na aliyekitamka kwa kumtega Uhura alikuwa mwenye uso wa kuazima. Uhura naye alizaliwa Afrika, kichwani mwa waandishi wa Marekani, na mimi sikumwuliza cheti. Nilimpenda tu.

Kwa hivyo, mwanangu, lile neno ulilomtupia mwenzako, kwamba yeye si shabiki wa kweli kwa kuwa ameanza kutazama juzi na hajui habari za tauni, limeniuma. Hayo ya mpira na rangi alijifunza mwenyewe, kwa kupenda. Mwombe radhi leo, usingoje wikendi. Kisha mtazame hicho kipande cha Kor pamoja, kwa sababu nadhani yeye hajakiona, na ningependa akione mara ya kwanza akiwa na mtu anayekipenda.

Basi la usiku wa Ijumaa limebeba mfuko wako. Mna achari ya maembe, visheti na mabuyu. Nimefunga vya watu wawili.

Ni mimi mamako akupendaye.