Kabla hujang'oa nanga Kilifi

Mwanangu,

Marahaba. Orodha yako ya vifaa vya boti ya kwenda Mafia nimeisoma mara mbili. Umeanza juu, kwenye redio, jokofu na taa. Naomba uanze chini, kwenye ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, kwa sababu boti ya mita 11 inaweza kuzamishwa na klipu moja ya mpira wa maji iliyooza ikiwa imetulia bandarini, bila tone la mvua.

Ng'oa mbao zote za sakafu, uhesabu matundu yaliyo chini ya mstari wa maji: la kupozea injini, ya choo, la sinki, na pale mtaimbo wa rafadha (propela) unapotokea. Kila koki ya kufungia tundu ifunguke na kufungwa kwa mkono, bila nyundo. Iliyoganda ibadilishwe boti ikiwa nchi kavu. Ukiilazimisha majini shingo hukatika, na tundu la sentimita 4 lililo nusu mita chini ya maji huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu ndogo ya ngama haiwezi kufua maji hayo. Usikubali fundi akufungie koki ya nyumbani ya shaba ya njano. Maji ya chumvi huila zinki iliyomo, ikabaki nyekundu na kumeguka kama biskuti. Dai ya bronzi. Kila mpira uwe na klipu 2 za chuma kisichoshika kutu, na kando ya kila koki ufunge kizibo cha mbao laini kilichochongwa kama karoti.

Kisha nanga. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Pwani yetu, maji ya bamvua hupanda hadi mita 4 hivi. Ukitia nanga kwenye kina cha mita 5 maji yakiwa yamekupwa, ongeza hizo 4 na mita 1 ya kimo cha omo, yaani mbele ya boti, upate 10. Zidisha kwa 5: mita 50 za mnyororo. Anayepima kwa kina anachokiona jioni, usiku maji yakijaa mnyororo wake husimama, ukainua nanga badala ya kuilaza, naye akaamkia mwambani. Nunua mita 60 za milimita 8, upake rangi kila mita 10. Mwisho wake uufunge chomboni kwa kamba inayofika hadi sitaha, ili siku ya dharura uikate kwa kisu, bolti haikatiki. Tafuta mchanga, ule unaong'aa mweupe. Kwenye matumbawe mnyororo hujizungusha na kukwama.

Injini ya dizeli hupenda kuzimika kwenye mlango wa mwamba, pale pa kupenya kati ya miamba. Mawimbi ya pale huchochea tope na maji yaliyotulia chini ya tangi, filta ikaziba. Safisha tangi sasa. Beba filta 6, impela 2 za pampu ya maji ya kupozea injini, na mkanda 1. Jizoeze kutoa hewa: legeza skrubu iliyo juu ya filta, sukuma pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Uweze kuifanya gizani.

Jokofu hula ampea 4 au 5 likifanya kazi, na kwa joto letu hufanya kazi nusu ya siku. Hiyo ni ampea-saa 50 hivi kwa siku, nusu ya betri ya ampea-saa 100, na betri ya risasi haipendi kushushwa zaidi ya hapo. Paneli za sola za wati 200 zitalilisha jokofu, basi. Maji ya kunywa na kupikia, lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Yagawe tangini na kwenye madumu, ili moja likiharibika usikose yote. Maboksi ya karatasi yabaki gatini, huja na mayai ya mende.

Kwenda Mafia subiri kaskazi ikomae, Januari. Mkondo bado utakuwa dhidi yako, lakini hauna nguvu za wakati wa kusi. Milango ya mwamba iingie kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, jua likiwa juu, ndipo utaona rangi za maji, ujue penye mwamba. Usiku kuna ngalawa na nyavu zisizo na taa.

Ukishang'oa sakafu, niandikie idadi ya matundu na upana wa kila moja, nianze kuchonga vizibo.

Mama yako