Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wenzangu wa chama chetu cha wagonjwa wa baridi yabisi, Mbeya: wazee wangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu.

Vikao vyetu vya kila mwezi vilifanyika vyote isipokuwa cha Julai, baridi ilipowazuia wenzetu wa Uyole kutoka asubuhi. Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Nimeyapitia na sina pingamizi. Muda wangu naomba niutumie kwa jambo lililojitokeza karibu kila tulipokutana: kupungukiwa damu.

Wengi wetu tukiambiwa damu imepungua tunakimbilia vidonge vya kuongeza damu. Nami nilivimeza miezi mitano, kipimo hakikupanda, huku kila jioni nikimeza diklofenaki ya duka la dawa ili vidole viache kuuma. Choo kilipokuwa cheusi kama lami sikushtuka, kwa kuwa nilishaambiwa vidonge vya madini ya chuma hubadili rangi ya choo. Kumbe tumbo lilikuwa likivuja damu. Daktari aliyeligundua alianza na swali moja: “Mama, hii dawa ya maumivu umeanza lini?” Zahanati niliyoanzia hakuna aliyeniuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, huweza kuleta vidonda vya tumbo hata kwa mtu asiyesikia maumivu yoyote. Ukiona choo cheusi, kinanata na kunuka isivyo kawaida, usisubiri kliniki yako. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni ugonjwa wenyewe. Viungo vikivimba na kuwaka, ini huchochewa kutoa homoni iitwayo hepsidini. Homoni hiyo huzuia chuma cha chakula kupita utumboni, na kile kilichohifadhiwa mwilini kisitoke kuingia kwenye damu. Ni kaya yenye mahindi ghalani, ila mwenye ufunguo kasafiri. Mgonjwa wa namna hii vidonge vya chuma peke yake havimsaidii sana. Ghala hufunguka ugonjwa ukitulizwa kwa dawa zake, kama methotreksati ya mara moja kwa wiki. Na mtu aweza kuwa na yote mawili, akiba imekwisha na mlango umefungwa, kama nilivyokuwa mimi.

Hapo ndipo feritini inapotupoteza. Kipimo hiki huonyesha akiba ya chuma, lakini uvimbe nao hukipandisha. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtu mzima mwenye afya huhesabiwa ana upungufu akiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita. Mwenye maambukizi au uvimbe, chini ya 70. Mwanachama mwenye 40 akiambiwa yuko sawa ilhali viungo vimemvimba, arudi akaulize. Aulizie na mwinuko pia. Hapa mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na wakazi wa nyanda za juu himoglobini yao, yaani kile kipimo cha wingi wa damu, huwa juu zaidi. Himoglobini ya 12 ya mama wa Mbeya si sawa na 12 ya mama wa Tanga, kule pwani.

Kuhusu chakula nitasema machache. Chai ya Rungwe ni yetu na tunaipenda, ila ikinywewa na mlo hupunguza chuma kinachofyonzwa. Ingoje saa moja hivi. Maharage, na usipa wa Ziwa Nyasa, tule pamoja na pera au chungwa ili chuma chake kifyonzwe vizuri.

Uongozi unaomba mkutano huu uridhie mfuko wa kusaidiana uchangie kipimo cha feritini kwa mwanachama ambaye damu yake imekaa chini kwa miezi mitatu. Na kwenye kikao cha Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kila mmoja aje na daftari lake la kliniki pamoja na dawa zote anazotumia, za dukani na za miti shamba pia. Katibu atakaa mlangoni kuziandika.